Jiwe Limemkubali

Siku mkono wa Zuleha ulipoanguka, Bibi Mwaisha alipiga vigelegele.

Alivipiga mara tatu, uso kauelekeza dirishani ili Lusegwa nzima isikie. Kisha akamshika mjukuu wake chini kidogo ya kiwiko, akaunyoosha mkono wa kulia mbele. Kiganja kikaning'inia. Akakiinua kwa vidole vyake vya kushoto, akakiachia. Kikaanguka tena, kama jani la mgomba lililovunjika shingo.

“Limemkubali!” alisema Bibi. “Mwanahawa, njoo umwone mdogo wako. Jiwe limemkubali!”

Mwanahawa alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anaingia kutoka mlimani, jasho halijamkauka, mkoba umemlemea bega. Akavua ndala.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, marahaba. Acha salamu, tazama huku. Mimi mkono ulinikubali nikiwa na wajukuu wawili. Mama yangu alikuwa na mvi. Huyu wiki kumi na moja! Wiki kumi na moja tu! Sijui katoka wapi huyu mtoto.”

Zuleha alikuwa ameketi mkekani, miguu kainyoosha, mgongo ukutani. Alimtazama dada yake akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa mweupe. Ndivyo mwali anavyotakiwa kuwa. Akiwekwa ndani hukosa jua akang'ara, hupunguza maneno, hunenepa, na siku ya kutolewa watu wakimwona wanasema kweli huyu kafundwa. Zuleha alikuwa amepunguza maneno. Alikuwa ameng'ara hata midomo. Kunenepa tu ndiko kulikogoma.

“Tumbo vipi?” Mwanahawa alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Linakaza,” alisema Zuleha. “Linakaza halafu linaachia.”

“Umekwenda chooni?”

“Tangu Jumatano sijaenda.”

“Muache mwali,” alisema Bibi. “Tumbo la mwali lazima likaze. Hebu toa ulichotuletea.”

Mwanahawa akafungua mkoba, akatoa mawe manne, kila moja ukubwa wa ngumi ya mtoto. Yalikuwa ya kijivu, yanang'aa kama kioo, na pale yalipovunjika yalivunjika kwa pembe zilizonyooka kama sabuni ya kipande iliyokatwa kwa kisu. Bibi aliyapokea moja moja kwa mkono wa kushoto, akilipima kila jiwe uzito, akicheka peke yake.

Mwanahawa alikuwa akiyaleta kila Jumamosi, tangu Septemba.

*

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya wanja. Kwa Waluguru shamba hufuata mama, na kwa Bibi Mwaisha jiwe la kusagia nalo lilifuata mama. Lilitoka kwa mama yake, aliyelipata kwa mama yake, na katikati lilikuwa limelika hadi likawa kama bakuli. Wanja wao ulijulikana kuanzia Matombo hadi Mkuyuni. Bibi harusi wa maana hakupakwa wanja wa dukani. Mtoto akifika siku ya saba, nyusi zake zilichorwa kwa wanja wa Bibi Mwaisha, na jicho baya likampita.

Zamani jiwe lenyewe lilikuwa adimu. Lilipatikana ndani ya pango kule kwenye kilima cha marumaru juu ya kijiji, kwenye ufa mwembamba, na mtu alikwangua kutwa nzima akapata la kujaza kiganja. Bibi alisaga kidogo leo, kidogo mwezi ujao. Baada ya miaka mingi ya kusaga hivyo, mkono wake wa kulia ulilala. Wa mama yake nao ulikuwa umelala. Waliuita mkono wa wanja. Aliyepata mkono ule hakushika tena jembe wala hakuchota maji. Watu walimheshimu, na jiwe likawa lake rasmi.

Mama yao Mwanahawa na Zuleha ndiye aliyepaswa kurithi. Alisaga mwaka mmoja akakimbilia Turiani kulima mpunga, na tangu hapo alikuja mara moja moja, hakai. Mwanahawa naye Bibi alimjaribu alipomaliza darasa la saba, lakini mafua ya vumbi yalimsumbua, Bibi akamwambia wewe si wake. Basi Zuleha alipomaliza mtihani wake wa darasa la saba, na kwa kuwa ungo alikuwa ameshavunja tangu Julai, mjomba Salehe akasema awekwe ndani hadi Desemba, atolewe kwa ngoma, Januari aende kidato cha kwanza. Bibi akasema vyema, na kwa kuwa mikono ya mwali haina kazi, atasaga.

Mwaka huohuo ndipo walipokuja watu wa utafiti wa madini.

Walichimba mitaro kwenye kilima, wakaleta mashine ya kuchoronga, wakaajiri vijana wa kubeba na akina dada wa kuosha mawe na kuyatia kwenye mifuko. Mwanahawa aliajiriwa wiki moja baada ya wenzake. Kazi yake ilikuwa kuandika namba kwenye mifuko kwa kalamu ya wino mnene, na hakukosea hata siku moja. Siku ya pili tu alipoona kilichomo mtaroni, moyo ulimruka kwa furaha. Jiwe la Bibi! Si ufa mwembamba wa kukwangua, bali mkanda mzima, mpana kama mlango, unang'aa ndani ya marumaru nyeupe. Alimuuliza Abel, dereva, kama yale yaliyobaki kwenye lundo mtu anaweza kuchukua.

“Chukua,” alisema Abel. “Mlima wote huu si wa bibi yako?”

Akachukua. Na kule nyumbani Zuleha akawa anasaga asubuhi hadi jioni, dirisha limezibwa kwa gunia, mlango umefungwa. Alisaga, akachekecha kwa kitambaa cha melimeli, kisha akafanya kama Bibi alivyomfundisha. Alichota unga kwa ncha ya kidole akauweka kati ya meno ya mbele. Wanja wenye chembe hukwaruza jicho, na hakuna kinachoijua chembe kama meno. Ukikwaruza, unarudi jiweni. Ukiteleza kama siagi, umeiva.

Kwa siku Zuleha alionja mara ishirini, thelathini.

*

Jumatatu baada ya vile vigelegele, Mwanahawa alikwenda kazini hajalala vizuri. Kulikuwa na kitu alichokiona jana yake alipomsaidia mdogo wake kusukutua. Kwenye ufizi, pale jino linapoingia nyamani, palikuwa na mstari. Mwembamba, mweusi wa kibuluu, umezunguka kila jino kama umechorwa na mkono uliotulia. Alimsugua kwa mswaki. Haukutoka.

Saa nne walikaa kivulini kusubiri chai. Modesta alikuwa akigongagonga kipande cha mwamba kwa nyundo. Ndiye mjiolojia wao, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kitambaa, maneno machache, na kila mtu alimwita Dada Modesta hadi wazee. Akadondoshea mwamba tone la tindikali kutoka kwenye kichupa. Marumaru ikatoa povu, ikachemka kidogo kama soda.

“Dada,” alisema Mwanahawa, “hii ya kung'aa mnayoiita madini ya risasi iliingiaje humu? Jiwe jeupe, halafu katikati jeusi.”

Abel akadakia, “Kuna joka chini. Lilikula risasi za Mjerumani zikalikaa vibaya, likatapika.”

“Wewe nyamaza, mwenzio kauliza la maana,” alisema Modesta, lakini alicheka. Akakiweka kile kipande kwenye kiganja cha Mwanahawa. “Hapa tulipo palikuwa bahari. Zamani ambayo huwezi kuihesabu. Chini ya bahari palituama tope jeupe la chokaa, tabaka juu ya tabaka, likawa jiwe. Umenipata?”

“Nimekupata.”

“Sasa chini zaidi ya hilo jiwe, mbali sana, kulikuwa na maji. Maji ya chumvi, makali kuliko ya Bagamoyo. Na huko chini ni moto. Maji moto yenye chumvi yana tabia moja. Yanaramba. Kila mwamba yanaopita yanauramba. Hapa yanapata chembe ya risasi, pale chembe ya zinki. Chembe ambayo hata kwa hadubini usingeiona. Hayana haraka. Yanatembea miaka elfu, miaka laki, yamebeba, na kwa nje ni maji tu.”

“Huwezi kujua yamebeba.”

“Huwezi. Basi siku moja yanapata ufa, yanapanda. Yanakutana na chokaa. Umeiona chokaa na tindikali? Haiwezi kukataa. Inatoa povu, inapisha. Maji yanaila yanatengeneza vijitundu, mapango. Na humo ndani kuna salfa imekaa inangoja. Risasi ikionana na salfa zinashikana hapohapo, zinaganda. Haitembei tena. Zinki vilevile, ndiyo hii ya kahawia kama asali iliyoganda. Na si kwamba inajaza tundu tu. Sehemu nyingine chembe ya chokaa inatoka, chembe ya risasi inakaa palepale ilipotoka mwenzake. Chembe kwa chembe. Ukitazama kwa nje jiwe lina umbo lilelile, mistari ileile. Kumbe si lenyewe.”

“Na mlima haujui.”

Modesta alimtazama. “Mlima utajuaje? Ni kidogo kidogo. Baadaye yote yalizama, yakakunjwa, yakapikwa, chokaa ikawa marumaru. Risasi imo tu. Ikishakaa, imekaa.”

Chai ikaja na chapati. Modesta akasimama, akaashiria ndoo ya maji na sabuni kama afanyavyo kila siku. Mwanahawa aliizoea ile ndoo. Siku zote aliona ni usafi wa watu wa mjini.

“Dada, mbona lazima sabuni?”

“Si niliwaeleza siku ya kwanza?” Modesta akakumbuka. “Wewe hukuwepo. Hilo vumbi si la kula, Mwanahawa. Jiwe likiwa jiwe halikudhuru kitu. Likiwa unga, ukaulamba, ukauvuta, linaingia kwenye damu. Damu inalipeleka kwenye mifupa. Na mfupa ni nini? Ni chokaa vilevile. Inatoka chokaa, inakaa risasi.”

Mwanahawa alikuwa ameshaosha mkono mmoja. Akabaki ameunyoosha, maji yanachuruzika.

“Mtu akiila anakuwaje?”

“Tumbo linakaza. Choo hakipatikani. Anakosa damu anakuwa mweupe, anapoa, hana maneno. Kwenye fizi anapata mstari mweusi. Ikizidi, mishipa ya mkono inakufa, kiganja kinaning'inia hivi.” Akaonyesha.

Abel alikuwa anacheka jambo lingine na vijana. Mwanahawa hakusikia ni lipi. Alikuwa anakitazama kiganja cha Modesta kilivyolala, kimelala vilevile, kama cha mama yake Bibi kwenye picha ya zamani iliyotundikwa sebuleni kwao.

“Dada,” alisema, “mimi ndiye ninayempelekea.”

*

Modesta alitaka waende wote hadi nyumbani. Mwanahawa akamwambia hapana. Mgeni akifika mlangoni kwa mwali pasipo ruhusa, Bibi atafunga na kitasa, na tutakuwa tumemaliza maneno. Gari lisimame barabarani kwenye kivuko. Kama hadi adhuhuri hajashuka, basi waje hata na mwenyekiti wa kijiji.

Alimkuta Bibi uani anafunga wanja kwenye vikaratasi, anavikunja kwa mkono wa kushoto na meno. Mjomba Salehe naye alikuwepo, amekuja kupanga ngoma. Zimebaki siku kumi na mbili. Kwa mila ya lukolo, yaani ukoo wao, watoto wa dada yake ni wake yeye, na neno lake ndilo la mwisho.

Mwanahawa alipiga goti, akaamkia, kisha akasema yote. Alisema polepole kama Modesta alivyomwambia, akaanza na maji ya chini ya bahari, akamalizia na mfupa na mishipa ya mkono.

“Umemaliza?” Bibi aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Huyo mwanamke wa kofia ndiye aliyekwambia mkono wangu ni ugonjwa?”

“Hakukutaja wewe, Bibi.”

“Mimi nina miaka sabini na mbili. Nimesaga tangu sijaolewa. Nimekufa? Salehe, mimi nimekufa?”

“Hujafa, mama,” alisema mjomba Salehe. Alimgeukia Mwanahawa. “Sikiliza, mwanangu. Mwali akitoka kabla ya siku yake, akaonwa na wanaume, akapandishwa magari, watu watasema nini? Watasema kaharibikiwa. Nani atamwoa? Subiri siku kumi na mbili. Akishatolewa, mpeleke hata Muhimbili.”

“Siku kumi na mbili ni nyingi, mjomba. Njoo umtazame fizi.”

“Siwezi kuingia kwa mwali, unajua.”

“Basi sikiliza.”

Wakasikiliza. Kutoka ndani, nyuma ya gunia la dirishani, ilikuja sauti ya jiwe juu ya jiwe. Ilikwaruza mara mbili, ikanyamaza. Kitu kikaanguka chini. Ikakwaruza tena, dhaifu zaidi. Zuleha alikuwa ameanza kusagia mkono wa kushoto.

Mwanahawa alikuwa mtu wa kutazama, si wa kushindana na wakubwa. Akaangaza macho uani, akaona ile migomba ya nyuma ya choo, na chini yake yale mawe meupe madogo yaliyopangwa. Aliyaona tangu utoto. Akina mama wa ukoo waliyapaka chokaa kila mwaka kabla ya mfungo, na watoto walikatazwa kucheza pale.

“Bibi,” alisema, “ulizaa wangapi?”

Mkono wa kushoto wa Bibi ukasimama kwenye karatasi.

“Mtoto gani anamuuliza bibi yake maneno hayo?”

“Naomba uniambie.”

Aliyejibu ni mjomba Salehe, na alijibu kama anayesema peke yake. “Tisa. Tumebaki wawili, mimi na mama yenu. Wengine hawakufika hata siku arobaini. Wengine walitoka kabla ya siku zao. Wawili wa mwisho niliwachimbia mimi, nilikuwa darasa la nne.” Akamgeukia Bibi. “Na bibi yangu naye, aliyekuzaa wewe, mama, si alibaki na wewe peke yako?”

“Ilikuwa jicho,” alisema Bibi. “Wivu wa watu.”

“Wote hao?”

“Ndiyo maana tuliwapaka wanja, Salehe. Siku ya kwanza tu, hata kitovu hakijakauka. Tuliwapaka sana.”

Alisema hivyo, kisha akalisikia alilolisema. Mwanahawa aliona lilivyomwingia. Halikumwingia lote. Liliingia kidogo, likatafuta mahali. Bibi alikitazama kikaratasi kilicho mbele yake, akakiweka chini taratibu kama kilichojaa maji.

Mjomba Salehe alisimama. Akaenda hadi kwenye migomba, akasimama huko amewapa mgongo, muda mrefu. Aliporudi hakumtazama mama yake.

“Mfunike vizuri,” alimwambia Mwanahawa. “Kanga mbili, gubigubi. Mtokee nyuma, mpite shambani. Mimi natangulia kuwaondoa watu njiani.”

Aliyemfunika ni Bibi mwenyewe. Alitoa sandukuni kanga zake mpya alizoziweka kwa ajili ya ngoma, akamzungushia mjukuu kichwa hadi miguu, akawa kama mzigo. Zuleha alikuwa mwepesi. Mwanahawa alimbeba mgongoni kuteremka hadi kivukoni, na njia nzima kile kiganja kilikuwa kinampiga kifuani, pa, pa, hakina mwenyewe.

Kwenye gari Abel aliambiwa asigeuke. Akakipindua kile kioo cha ndani kikatazama juu darini.

“Namwendesha mwali mimi?” alinong'ona. “Bibi yangu akisikia atanitambikia mbuzi.” Hadi wanaingia mjini aliendesha kimya, ameinamia usukani kama mtu anayepita msibani.

*

Daktari wa hospitali walikompeleka alikuwa kijana, Jonathan, mpole. Alichukua damu ikapelekwa Dar es Salaam. Hata kabla majibu hayajarudi alimpiga Zuleha picha ya goti, akaitundika kwenye taa, akamwita Mwanahawa na mama yao aliyekuwa ameshuka usiku uliopita na basi la Turiani.

“Huu ni mfupa,” alisema. “Huku unapokua. Mnaona huu mstari mweupe hapa mwisho?”

Mama hakuona. Mwanahawa aliuona mara moja. Aliwahi kuuona mtaroni, umepita hivyohivyo, umenyooka, unang'aa ndani ya jiwe.

“Risasi ya kwenye damu tutaitoa,” alisema daktari. “Dawa imepatikana kwa shida lakini ipo. Mmemuwahi. Wiki moja zaidi ingepanda kichwani, angeanza degedege, na hapo sijui kama tungekuwa tunaongea hivi. Mkono unaweza kurudi, taratibu.”

“Na huo mstari?” aliuliza Mwanahawa.

“Huo unabaki.”

“Mpaka lini?”

Daktari alizima taa ya picha. “Miaka ishirini. Thelathini. Ukiwa umetulia haudhuru sana. Ila akipata mimba, mtoto huomba chokaa kwenye mifupa ya mama yake. Mfupa ukitoa chokaa, utatoa na hiyo. Siku hiyo ikifika, asikae kijijini. Aje hospitali mapema, aseme historia yake. Asisahau.”

Mama yao alianza kulia bila sauti. “Mimi sikujua kama ni sumu,” alisema. “Wallahi sikujua. Nilikimbia kwa sababu sikuutaka ule mkono. Niliutazama tu wa mama nikaona siutaki. Ningejua ningewabeba wote wawili.”

Hakuna aliyemlaumu. Mwanahawa alikuwa na lake la kubeba. Mawe aliyoyapeleka kwa mkono wake, aliyahesabu akafika arobaini na nne, akaacha kuhesabu.

Bibi Mwaisha alikuja siku ya tatu na mjomba Salehe. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akamshika Zuleha chini ya kiwiko, akaunyoosha mkono mbele, akakiinua kile kiganja kwa vidole vyake vya kushoto, akakiachia. Kikaanguka. Akakiinua tena, na safari hii hakukiachia. Akakaa amekishika hadi muda wa wageni ulipokwisha na muuguzi akaja kuwatoa.

*

Zuleha alitoka hospitali katikati ya Januari, ngoma haikuchezwa. Wenzake walishaanza kidato cha kwanza. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kunyanyuka. Asubuhi alikaa juani kibarazani, wazi, hana kanga ya kumficha, anajizoeza kushika kalamu. Ilianguka, akaiokota, ikaanguka.

“Dada,” alisema, “ya kwenye mfupa ikitaka kutoka nitaisikia?”

“Hutaisikia,” alisema Mwanahawa. Hakutaka kumdanganya. “Ndiyo maana tutakuwa tunahesabu miaka.”

Juu kilimani mashine ilikuwa bado inachoronga. Walisema mkanda ni mpana kuliko walivyodhani, unapita chini ya mashamba, labda chini ya kijiji chenyewe.

Jiwe la kusagia Bibi aliamuru lizikwe chini ya migomba, pamoja na wale saba. Kisha akajitanda, akachukua kapu tupu, akamwita Mwanahawa.

“Nitakutajia niliowauzia,” alisema. “Tangu Septemba nawakumbuka wote. Tuanze na wenye watoto.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Irene, mke wa mwalimu, mgeni kutoka Iringa, aliyejifungua Novemba na kupenda mno mambo ya wenyeji. Walibisha hodi. Alitoka amempakata mwanawe, akakunjua uso kwa furaha alipomwona Bibi, akapiga goti mtoto mkononi.

“Shikamoo Bibi! Nilitaka kukufuata mwenyewe, ule wa kwanza umekwisha. Mtazame mjukuu wako.”

Nyusi za mtoto zilikuwa zimechorwa vizuri, nene, zinang'aa, na tone moja kubwa katikati ya paji la uso. Alikuwa mweupe. Alikuwa amefumbua macho, anatazama mahali pasipo na kitu.

“Wanja wako una baraka, Bibi,” alisema Irene. “Alikuwa anasumbua huyu! Sasa ametulia. Siku hizi halii kabisa.”